Kiti Kimekaa

Jumamosi asubuhi, duka la vipuri halina adabu. Foleni ipo, lakini inapangwa kwa midomo. Huyu anataka pedi za breki, yule plagi, yule mkanda wa feni, na muuzaji aliyefunga miwani yake kwa uzi anajifanya kiziwi mpaka aitwe "mzee wangu". Katikati ya zogo hilo alisimama msichana mrefu, gauni la njano limemkaa, kilemba cha buluu kichwani, amekumbatia jora la kitambaa cheupe na kusubiri gundi yake. Kijana mmoja wa ovaroli akainama juu ya kaunta kuchungulia klachi iliyokuwa kwenye rafu ya chini, akatafuta pa kujishikiza, akajishikiza kwenye jora.

"Kaka," alisema msichana.

"Naam, dada."

"Mkono wako."

Kijana akautazama mkono, kisha akatazama kitambaa. Vidole vitano na kiganja kizima vilikuwa vimechapwa pale kwa oili nyeusi.

"Lo!"

"Lo ndiyo nini? Hiki ni kitambaa cha mteja. Viti vya gari lake navifunga Jumatatu."

"Nitakifua, dada yangu. Haki ya Mungu nitakifua."

"Wewe ufue? Hebu jitazame. Hata mwenyewe hujafuliwa."

Duka zima likacheka, na muuzaji kiziwi akawa wa kwanza. Kijana naye alicheka, akaomba namba ya simu eti ampelekee sabuni ya mafundi. Msichana aliijua janja hiyo tangu shule. Alimwandikia namba akageuza tarakimu moja kwa makusudi, na kisha, sijui ni pepo gani alimpitia, akaichukua ile karatasi na kuisahihisha.

Jumatatu kijana alifika na sabuni yake, akasugua, na doa lililokuwa la kiganja likawa la sahani. Wapenzi wengi huanza kwa maua. Hawa walianza kwa hasara.

Kijana alikuwa makanika, na tangu utotoni aliitwa Nati kwa sababu hakuna kitu alichokiona kimefungwa asikifungue. Msichana alikuwa fundi wa viti vya magari, kazi aliyoachiwa na baba yake pamoja na cherehani moja nzito na chumba nyuma ya duka la vioo. Kwa kuwa nywele zake hazikukosa punje za sponji, wateja walimwita Sponji, na jina lenyewe lilimpendeza kuliko lile la kwenye cheti.

Wiki ya pili Nati alipiga simu mara nne kwa siku moja.

"Sasa ni nini tena, fundi?"

"Nilitaka kujua kama umekula, fundi."

"Nimekula. Na saa nne nilikuwa nimekula. Na saa sita."

"Jumapili uko wapi?"

"Kitandani. Nalala kama mtu mwenye akili."

"Njoo uone rafiki yangu akikimbiza gari. Nitakupitia."

"Magari nayaona wiki nzima, mpenzi."

Neno lilimtoka lenyewe. Upande wa pili Nati akasema kwa sauti ndogo kwamba sasa lazima aje, maana mtu hawezi kumwita mwenzake mpenzi halafu akalala.

Rafiki mwenyewe aliitwa Mikate. Jumatatu hadi Jumamosi aliendesha gari la kiwanda cha mikate kwa mwendo wa jeneza, ili mikate isibonyee. Jumapili alilipa kisasi. Alikuwa na kigari cha zamani cha milango miwili, rangi ya chungwa, kilichotiwa injini isiyo yake, na msimu ule alijiandikisha katika mbio za ridhaa zilizofanyika kwenye uwanja wa ndege uliofungwa. Magari mawili yanasimama sambamba, taa zinashuka, nyekundu, njano, kijani, na yanafyatuka mita mia nne kwa mstari mmoja. Sekunde kumi na tatu au kumi na nne, basi. Sponji alipoambiwa kwamba watu wanatengeneza gari mwezi mzima kwa ajili ya sekunde kumi na nne, alisema wana wazimu. Kisha akaona Mikate akifyatuka, akasikia kishindo kifuani mwake mwenyewe, akapiga kelele mpaka kilemba kikamdondoka.

Mikate na Nati hawakuzaliwa pamoja, ila utotoni walilala kitanda kimoja. Nati alifiwa na mama akiwa na miaka tisa, na jirani, mama yake Mikate, akamvusha ukuta mmoja tu, akamwekea sahani ya pili, na hakuna siku aliyomhesabia. Nati alimwita mama, na mwanamke yule alimwita baba, kama wamama wanavyowaita watoto wao wa kiume. Hiyo ndiyo ilikuwa familia yote aliyokuwa nayo duniani. Nakuambia mapema ili ujue baadaye alichokitoa.

Raundi ya kwanza walishindwa, gia ya tatu iligoma. Raundi ya pili walishinda mara mbili. Sponji, aliyekuja mara ya kwanza na viatu vyeupe vya visigino, alirudi na buti na suruali ya jinzi, akawa anashika tochi, anafuta kioo, anaandika muda kwenye daftari. Raundi ya tatu, Nati akiwa chini ya gari, miguu tu nje, kulisikika sauti.

"Nakupenda."

Sponji akapiga magoti. "Umesemaje?"

"Nimesema nipe spana ya kumi na tatu."

"Hapana. Kabla ya hapo."

"Kabla ya hapo sikusema kitu. Ni gari."

"Basi liambie gari nami nalipenda."

"Jamani!" alilalamika Mikate, akiwa amevaa helmeti tayari. "Mimi nakwenda kufa pale, nyie mnatongozana chini ya gari langu. Shemeji, mpe spana huyo!"

Mizaha ya namna hiyo ilikuwa mingi. Mama Mikate hakuipenda hata mmoja. Hakuwahi kukanyaga uwanjani, Jumapili alikaa nyumbani na simu mapajani mpaka Nati ampigie kusema, "Mama, tumemaliza, yuko mzima." Nati hakusahau simu hiyo hata siku moja. Sponji alipopelekwa kutambulishwa, amevaa gauni refu la kijani na viatu vya heshima, mama alimtazama juu mpaka chini akasema, "Mkwe, wewe una mikono ya kazi. Basi waangalie hawa wawili. Akili yao ni moja, na leo sijui iko kwa nani."

Ilipofika raundi ya sita, ya mwisho, Mikate alikuwa wa pili kwa pointi. Akishinda siku hiyo, msimu ni wake. Kiti chake cha dereva kilikuwa kimechanika mpaka springi zinaonekana, na Nati akapata kiti kingine, cha mbio, chenye mabega, ila uchi. Sponji akakichukua. Alikifanyia kazi siku tatu, kwa makini kuliko alivyowahi kumfanyia mteja yeyote. Alikishonea ngozi nyeusi yenye uzi wa chungwa, akakikata vizuri mabegani, na chini akakiwekea sketi, yaani ukingo wa ngozi unaoshuka mpaka sakafuni kuficha reli na bolti, maana bolti kwenye kazi nzuri zinatia aibu.

Jumamosi alasiri alikipeleka gereji. Nati hakuwepo, alikuwa mjini kwa fundi matairi. Sponji alikiweka kiti juu ya reli zake, akapachika bolti nne kwa vidole tu, mizunguko miwili mitatu kila moja, ili aone ngozi itakavyolala. Hakuzikaza. Kukaza ni kazi ya Nati. Msimu mzima hakuna nati iliyokazwa na mkono mwingine kwenye gari lile, na Sponji asingethubutu. Akashusha sketi, akasimama nyuma kidogo, akaona hakuna hata kunyanzi moja. Simu ikalia.

"Fundi wangu."

"Fundi wangu, uko wapi? Njoo uone maajabu."

"Bado niko hapa na matairi, watu ni wengi. Niambie, kiti kimekaa?"

"Kimekaa! Kimekaa mpaka raha."

"Kabisa?"

"Kabisa, mpenzi. Utapenda mwenyewe."

"Mungu akubariki, umenipunguzia kazi. Basi mimi nikirudi ni matairi tu."

Sponji alifunga gereji na kwenda zake akiimba. Lile la kupunguziwa kazi alilichukua kwa maana ya kushona.

Jumapili walichelewa. Mkaguzi wa klabu alikitikisa kiti kwa mkono mmoja, akakiona kimetulia, akaisifu ngozi, akaweka tiki. Mikate alikaa, akafunga mkanda, akasema kwamba sasa anajisikia mkurugenzi. Alikwenda kupasha matairi moto, gari likatetemeka lote ndani ya moshi wake, na kule chini ya sketi nzuri bolti nne zikaanza kurudi zilikotoka.

Taa ikawa kijani. Gari likafyatuka, na kiti kikabaki nyuma. Mkanda ulimshika Mikate kwenye kiti, lakini kiti hakikushikwa na kitu. Aliondoka chali na usukani mikononi, akauvuta, kigari cha chungwa kikakata uwanja kwa pembe na kuupiga ukuta wa zege kwa ubavu. Waliokuwa kwenye uzio walisema baadaye kwamba hawakusikia breki. Mguu wake haukufika.

Alikuwa hai, anaongea. Alimwambia Nati, "Nivute miguu, imebanwa," na miguu haikuwa imebanwa na chochote.

Gari la wagonjwa lilipoondoka, mwenyekiti wa klabu alisimama kati ya mafundi na bolti moja kiganjani, nzima, meno yake hayajachubuka, dalili kwamba haikukazwa.

"Nani alifunga kiti hiki?"

Sponji alikuwa hatua tatu kutoka pale, uso umejaa vumbi na machozi. Nati hakumtazama.

"Mimi," alisema. "Nilisahau kukaza."

Saa ile simu ya Nati ikaanza kulia mfukoni. Ni mama, anangoja kuambiwa kwamba wamemaliza.

Hapa ndipo pa kuwaonea huruma wote wawili, maana kila mmoja alikwenda na wazo lake. Nati aliamini kwamba Sponji alikifunga kiti mwenyewe, akakifunga vibaya, akamwambia kimekaa, na sasa ameogopa kusema. Alimpenda mno, hakuweza kumwona akitafunwa na watu, kwa hiyo akajitwisha kosa. Ila kumpenda mtu na kumkasirikia ni mambo mawili, na Nati aliyafanya yote kwa siku moja. Hakuwa tayari kuisikia sauti ya Sponji. Sponji naye aliamini alichokisikia. Mpenzi wake alisahau, na kwa kuwa ni mwanaume wa kweli alikiri mbele za watu. Aliumia, lakini moyoni alimsifu. Kwa nini basi hapokei simu? Akajijibu mwenyewe kwamba ni aibu.

Daktari alisema uti wa mgongo umekatika, na hakuna haja ya kupeana matumaini. Klabu ilimfungia Nati maisha. Mtaani walipata mzaha wao, kwamba Nati kasahau nati, wakaurudia mpaka ukachakaa. Na mama, yule wa sahani ya pili, alimkuta Nati kwenye korido ya hospitali akamzuia mlangoni kwa mkono.

"Nilikulea ili uje uniulie mtoto nikimwangalia?"

"Mama..."

"Usiniite hivyo. Mama yako amekufa. Nenda kamlilie huko."

Nati alihamia upande wa pili wa mji, kwenye yadi ya malori, akalala stoo kati ya mapipa ya oili. Ujumbe wa Sponji aliusoma wote na hakujibu hata mmoja. *Umekula, fundi? Niambie tu kama umekula.* Huo aliusoma mara nyingi.

Wiki ya saba Sponji alichoka. Alivaa gauni la kijivu lisilo na mkanda, kichwa wazi, akaenda mwenyewe mpaka yadi saa ya chakula. Alimkuta Nati ameketi juu ya tairi, amekonda, ndevu kama za mfungwa, sahani mbele yake haijaguswa.

"Sitakuchelewesha," alisema Sponji. "Nimekuja na neno moja, halafu naondoka."

"Sema."

"Nimekusamehe."

Nati aliinua uso polepole. "Umefanya nini?"

"Nimekusamehe. Binadamu husahau. Ulikuwa umechoka, matairi, haraka. Nimejaribu kukuchukia nikashindwa. Basi ndiyo hivyo."

Nati akacheka. Hakikuwa kicheko cha furaha. Wapakia mizigo waliokuwa wanakula kivulini waligeuka.

"Wewe. Umenisamehe mimi."

"Kwani nimesema vibaya?"

"Nilisahau nini, Sponji? Hebu niambie nilichosahau."

"Kukaza kiti."

"Nilikupigia simu!" Alisimama, na sahani ikapinduka. "Nilikupigia nikiwa kwa fundi matairi. Nikakuuliza, kiti kimekaa? Ukasema kimekaa. Nikakuuliza, kabisa? Ukasema kabisa!"

"Kitambaa!" Sponji naye alikuwa anapiga kelele. "Nilisema ngozi imekaa! Haina kunyanzi! Nati, mimi tangu lini nakaza bolti kwenye gari lako?"

"Sasa mimi nikuulize kunyanzi za kazi gani?"

Wote wawili wakaelewa palepale. Kwa makanika, gia hukaa, beringi hukaa, na ikishakaa kazi imekwisha, unafunga boksi la spana unakwenda kuoga. Kwa fundi wa viti, kitambaa hukaa kama gauni linavyokaa mwilini, na hapo mwenye gari anaitwa aje atazame. Neno walikuwa nalo moja. Walilitumia kila siku, kila mmoja kwa lake, na hawakuwahi kugongana mpaka siku hiyo. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, ila hawakusema dole liwe la nani.

Sponji alikaa chini, kwenye vumbi, na gauni lake.

"Kwa hiyo ulisema 'mimi' kwa ajili yangu."

"Nilidhani umekosea ukaogopa."

"Na mimi nilidhani umekosea ukakiri. Nilikuwa nakusifu kwa watu, Nati. Wakikutukana nawaambia, angalau ana ukweli."

Nati alijifuta uso kwa mkono wa oili.

"Mikate lazima ajue," alisema Sponji.

"Ili iweje? Miguu itarudi?"

"Mama yako atarudi."

"Achana na mama. Yule ameshanizika, usinifukue. Sponji, nisikilize. Mtu wa kuchukiwa ameshapatikana, wamemzoea. Ukienda pale watachukia wawili badala ya mmoja."

"Ulimtoa mama yako kwa ajili yangu bila kuniuliza. Mimi sikukutuma! Utanitazama vipi kila asubuhi? Na mimi nitakula vipi meza moja na wewe?"

"Ukienda kusema, mimi na wewe basi."

"Sisi ni basi wiki saba sasa, mpenzi. Hukuona?"

Aliondoka bila kujipangusa vumbi.

Kwa Mikate, kitanda kilikuwa kimehamishiwa sebuleni, kwa kuwa mlango wa chumbani haukupitisha kiti cha magurudumu. Mama alikuwa anapiga pasi mashuka. Alikuwa anayapiga pasi kila siku, mikunjo isimchubue mgonjwa asiyesikia maumivu. Alimkaribisha Sponji vizuri, akamwita mkwe, akamsogezea stuli. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Sponji hakukaa. Alisema akiwa amesimama, kuanzia bolti za vidole mpaka simu, neno kwa neno, na hakujipunguzia. Pasi ilikuwa imesimama juu ya shuka, na harufu ya kuungua ikaanza kupanda.

Mikate alikuwa anatazama dari. "Rudia alichokuuliza."

"Kiti kimekaa."

"Na wewe?"

"Kimekaa mpaka raha."

"Mpaka raha," alirudia Mikate. Midomo yake ilicheza, ukadhani anataka kucheka kama zamani za helmeti. Machozi yakamtoka kwa pembeni, yakaingia masikioni, naye hakuyafuta. "Kwa hiyo hakuna mtu aliyesahau. Miguu yangu imekwenda hivihivi tu."

"Mikate, sijui niseme nini. Kiti hicho cha magurudumu ni kigumu, nakiona. Naweza kukushonea kingine, chenye sponji nzuri, kisikuchune..."

"Kwenye kiti chako sikai tena, shemeji."

Hakukasirika. Alilisema kwa utaratibu, kama mtu anayekataa chai. Mama akauchomoa waya wa pasi, akalikunja lile shuka lililoungua, akaenda kuufungua mlango wa nje na kusimama pembeni yake mpaka Sponji alipopita.

Siku tisa zilipita. Nati alikuwa chini ya lori simu ilipolia, akaipokea bila kutazama jina.

"Wewe muongo."

Alitoka chini ya lori kwa mgongo. "Mikate?"

"Wiki saba namchukia mtu asiye yeye. Unajua kazi yake? Nalala hapa usiku na mchana, kazi niliyonayo ni moja tu, kukuchukia wewe, na hata hiyo umenidanganya."

"Nisamehe, kaka."

"Sijui kama nimekusamehe. Shemeji naye sijui. Nikisema nimesamehe leo, kesho nikiamka na shuka bichi nitakuwa muongo kama wewe. Jibu swali. Bado unampenda?"

Nati aliitazama mikono yake. "Ndiyo."

"Na yeye?"

"Nilimwambia basi."

"Pumbavu. Nenda ukamuoe. Nisije nikasikia mmeachana kwa ajili yangu, mtaa ukaja hapa kuniambia pole na kwa hilo. Pole walizonipa zinatosha."

"Mikate..." Tangu wakiwa watoto wa kitanda kimoja walikuwa wameahidiana jambo moja, kusimamiana siku ya harusi, na neno likamtoka kabla hajalishika. "Utanisimamia?"

Nati akaelewa alichosema, akataka kuumeza ulimi wake.

"Mimi sisimami tena," alisema Mikate. "Na siji. Msinialike, msinisubiri." Simu ikakatika.

Jioni ile Nati alisimama mlangoni kwa Sponji, amenyoa, shati jeupe limeloa mabegani kwa manyunyu. Cherehani ilinyamaza.

"Umekula?" aliuliza Sponji, kwa kuwa hakupata neno lingine.

"Sijala. Tangu siku ile sijui kama nimekula. Nilikuambia basi, nilikuwa mjinga. Mikate kanipigia."

"Kasema nini?"

"Kasema nikuoe. Kasema haji."

Sponji aliinamisha kichwa juu ya mashine, mabega yakatikisika. Nati alikuja akapiga magoti kati ya vipande vya ngozi, akamshika miguu, kisha akaiachia haraka kama iliyomchoma, maana aliikumbuka miguu mingine.

"Tutakuwa na furaha, Nati?"

"Sijui. Siku nyingine, labda. Nyingine tutakaa tu. Ila peke yangu siwezi, na wewe huwezi."

"Huko ndiko kunichumbia?"

"Ndiko nilikonako."

"Basi nimekubali," alisema Sponji, na wakalia pamoja, kwa sauti, mpaka mwenye duka la vioo akagonga ukuta.

Walifunga ndoa Alhamisi, ofisi ya msajili, saa nne asubuhi. Sponji alivaa gauni la rangi ya maziwa alilolishona mwenyewe, lisilo na pambo. Shahidi wake alikuwa binamu yake mmoja. Shahidi wa Nati alikuwa bado hajapatikana, na Nati hakumtafuta mwingine, ijapokuwa aliambiwa wazi. Karani alitazama saa. Alisema wapo wengine nje wanangoja. Nati aliomba dakika tano, kisha tano nyingine, macho mlangoni, na kila magurudumu ya toroli la mafaili yalipopita kwenye korido, aliinuka nusu.

Mikate hakuja. Alisema haji, na hakuja.

Aliyeingia ni mama yake. Alikuwa na nguo za nyumbani, mikono bado ina unyevu wa kufua, kitambulisho amekishika mkononi kama mtu aliyeitwa polisi. Hakuwatazama maharusi. Alikwenda moja kwa moja mezani.

"Wapi natia sahihi?"

Karani akamwonyesha. Aliandika taratibu, kwa herufi za mtu aliyeacha shule mapema, akaweka kalamu.

"Nimekuja kwa kuwa amenituma," alisema, akiitazama meza. "Mimi mwenyewe nisingekuja. Na siwezi kukaa, nimemwacha peke yake na anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili."

Nati alikuwa ameshasimama. Miezi mitatu alikuwa hajaisikia sauti ile. Alipiga hatua, mikono mbele, uso wake ule wa miaka tisa, na mama akarudi nyuma na kuinua kiganja kati yao.

"Bado, baba," alisema. "Bado."

Akatoka haraka ili awahi kumgeuza mwanawe.